Nilifuta Mara Tatu, Yakarudi Mara Tatu

Siku nne nzima nilizilaumu tovuti. Nafungua ukurasa wa habari, tangazo la mkanda wa kunyoosha mgongo linaziba nusu ya kioo, nami nasonya: hawa nao njaa imewazidi. Nakwenda kwenye kamusi, mkanda uleule. Siku ya nne nikafungua tovuti yangu mwenyewe, ambayo tangu izaliwe haijabeba tangazo hata la kuuza sindano, na pembeni mwa makala yangu, umejiketisha kama mwenye nyumba, ule mkanda wa mgongo. Nikaifungua tovuti hiyohiyo kwenye simu: safi. Nikarudi kwenye kompyuta: mkanda. Hapo nikanyamaza. Tangazo halikuwa la mwenye tovuti yeyote. Lilikuwa likichomekwa ndani ya kivinjari changu, na kilichokuwa kikilichomeka kilikuwa kinaishi kwenye mashine yangu.

Jaribio hilo la vifaa viwili ndilo ninalomwomba afanye kila anayenipigia siku hizi, kabla hajafuta chochote. Ukurasa uleule, mtandao uleule, kifaa kingine. Tangazo likionekana kote, basi ama ni la mwenye tovuti, ama tatizo liko kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Likionekana upande mmoja tu, huenda umeingiliwa. Dalili nyingine nilikuwa nazo na nilizipuuza, maana kila moja ikiwa peke yake ilikuwa na udhuru wake. Maneno ya kawaida katikati ya makala yalikuwa yamepigiwa mistari miwili ya kijani, ukiyapitia na kishale linaibuka duka. Swali nililoandika juu kwenye upau wa anwani lilijibiwa na injini ya kutafutia nisiyoijua, yenye nembo inayofanana na ile niliyoizoea kama pacha aliyekosa usingizi. Feni ilikuwa inavuma, nami nasoma barua pepe tu.

Nilifanya wanachofanya wengi. Nikafungua orodha ya programu zilizosakinishwa, nikaona moja nisiyoitambua, yenye jina la kupendeza linalohusu punguzo la bei, nikaiondoa. Ikaniuliza kwa huzuni kama nina uhakika, ikaniletea dodoso la kwa nini ninaondoka, ikaaga. Nikawasha kompyuta upya. Kimya. Asubuhi yake mkanda ulikuwa umerudi.

Mara ya pili nikaenda kwenye viendelezi vya kivinjari, vile vijiprogramu vinavyoongezwa ndani yake, nikamkuta mwingine humo, nikamwondoa. Akarudi baada ya saa moja. Mara ya tatu nikakasirika, nikakiondoa kivinjari chote, nikapakua kingine kipya, nikaingia kwenye akaunti yangu ili alamisho na manenosiri yangu yarudi. Vikarudi vyote. Na mkanda nao ukarudi, pamoja na alamisho.

Nilipofika hapo nikaacha kufuta, nikaanza kuuliza swali ambalo ningeliuliza tangu mwanzo: ni nani anayeyarudisha? Kuna kinachoonyesha tangazo, na kuna kinachohakikisha kwamba cha kwanza kipo. Mimi nilikuwa nikimfukuza mlangoni yule anayepiga kelele, huku aliyeshika funguo amekaa uani ananisubiri nilale.

Kwanza, alivyoingia. Nilikuwa na faili la video, mahafali ya mdogo wangu, lililokataa kufunguka. Nikatafuta programu ya kugeuza video, nikabofya tokeo la kwanza, ambalo baadaye niligundua halikuwa tokeo bali tangazo lililolipiwa kukaa juu. Ukurasa ulikuwa na vitufe vitatu vikubwa vya kijani vilivyoandikwa "Pakua", na chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, kiungo chenyewe. Nilibofya cha kijani. Kisakinishi kikanipa njia mbili: ya haraka, "inayopendekezwa", na ya maalumu, "kwa wataalamu". Nilikuwa na haraka. Endelea, endelea, nakubali, endelea, maliza.

Baada ya mambo yote kwisha nilikirudia kisakinishi kilekile ndani ya mashine pepe, kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta, ambayo ukimaliza unaitupa. Safari hii nilichagua njia ya wataalamu na kusoma kila dirisha. Kwenye dirisha la nne kulikuwa na kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki: ninakubali kusakinisha msaidizi wa manunuzi na kuweka injini mpya ya kutafutia. Kwenye la tano kitufe cha "Kataa" kilikuwa cha rangi hafifu kiasi cha kuonekana kimezimwa. Hakikuwa kimezimwa. Kwa hiyo hakuna aliyevunja mlango. Alibisha hodi, akajitambulisha kwa jina lake, nami nikasema karibu bila kuinua kichwa.

Ndiyo maana watengenezaji wa programu za kuzuia virusi hawaviiti vitu hivi virusi. Wanaviita "programu ambazo huenda huzitaki", jina la uoga kidogo, na uoga huo una historia yake. Wenye programu za matangazo wamekuwa wakienda mahakamani wakisema: mtumiaji alikubali, nyie ni nani mtuzuie? Kampuni moja ya Marekani iliyoitwa Zango ilimshtaki mtengenezaji wa kinga, Kaspersky, kwa kuizuia programu yake. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikampa haki Kaspersky, kwamba mtengenezaji wa kinga ana ruhusa ya kuzuia anachoona kinamkera mteja wake. Zango haohao walikuwa wamekwisha kukubali kulipa dola milioni 3 mwaka 2006, baada ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, kuwatuhumu kusakinisha vitu kwenye kompyuta za watu bila ridhaa ya kweli. Neno la kushika hapo ni "ya kweli". Tiki iliyowekwa na mtu mwingine kwenye dirisha ambalo hukulisoma ni ridhaa ya namna gani?

Na kwa nini mwenye programu ya kugeuza video ajishughulishe na mikanda ya migongo? Kwa sababu analipwa kwa kila kichwa. Mwaka 2016 watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha uchunguzi wao wa biashara hii, wakakuta malipo ya kati ya senti 10 na dola 1.50 kwa kila kompyuta moja inayosakinishiwa, kutegemea nchi aliko mtumiaji. Kinga ya Google peke yake ilikuwa ikitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kila wiki kwa watu waliotaka kupakua vitu vya namna hii, karibu mara tatu ya maonyo ya programu hasidi zenyewe. Mtu anayetoa programu ya bure na ana mapakuzi laki moja akipiga hesabu hiyo, unaona kishawishi kilipo.

Walionaswa na kishawishi hicho si wa vichochoroni tu. SourceForge, iliyokuwa kwa miaka mingi mahali pa heshima pa kupakulia programu huria, ilianza mwaka 2013 kufunga programu za ziada ndani ya visakinishi, na mradi wa kuchora picha wa GIMP ukahama mwaka huohuo kwa kuchukizwa. Wamiliki wapya walioinunua mwaka 2016 waliufuta mpango huo. Lenovo nao waliuza kompyuta mpakato zikiwa na Superfish tayari ndani, programu ya kuchomeka matangazo kwenye kurasa za watu. Hii nitaieleza zaidi, maana inaonyesha kwa nini "ni matangazo tu" ni kauli ya hatari.

Kurasa nyingi siku hizi husafiri zikiwa zimefungwa kwa siri, ile alama ya kufuli, ili aliye njiani asizisome wala kuzibadilisha. Sasa utachomekaje tangazo kwenye barua iliyofungwa? Superfish ilijibandika kama mamlaka ya vyeti: ikaiambia Windows iuamini muhuri wake kwa tovuti yoyote ile, ikawa inafungua kila barua, inaingiza tangazo, inaifunga tena kwa muhuri wake. Kivinjari kinaona muhuri unaoaminika na kuonyesha kufuli kama kawaida. Ubaya zaidi ni kwamba ufunguo wa muhuri huo ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote, na mwezi Februari 2015, jambo lilipolipuka, wataalamu waliutoa ndani ya programu kwa muda mfupi sana. Yeyote aliyekuwa nao angeweza kujifanya benki mbele ya kompyuta yoyote yenye Superfish. Nia ilikuwa kuuza bidhaa, wala hakuna aliyekusudia kuiba nenosiri. Lakini ili uweke tangazo mahali pote ni lazima uone pote, na anayeona pote hahitaji kuongeza kitu ili awe mwizi.

Turudi kwenye yangu. Nilipoacha papara nilianza na karatasi na kalamu. Nikanakili kwanza mafaili yangu ya maana kwenye diski ya nje: hati, picha na kazi zangu, si programu wala visakinishi. Halafu nikaipanga ile orodha ya programu kwa tarehe ya kusakinishwa badala ya herufi. Hii ni hila ndogo na sijui kwa nini haisemwi zaidi. Kwa alfabeti, vitu vinne vya ajabu vimetawanyika katikati ya sabini vya kawaida. Kwa tarehe vinasimama pamoja, bega kwa bega, siku moja, dakika ileile: kigeuza video, msaidizi wa manunuzi, "kiboresha kasi" na kitu kisicho na jina la mwenye kukitengeneza. Genge zima. Nikayaondoa yote, na hicho kigeuza video pia, ingawa chenyewe kilifanya kazi.

Kisha nikaingia mahali ambapo sikuwa nimewahi kupatilia maanani: Task Scheduler, kijumbe cha Windows kinachotunza ratiba ya kazi zinazojianzisha zenyewe. Humo Windows yenyewe ina kazi nyingi halali, kwa hiyo usiingie na panga. Nilitazama vitu viwili tu: kazi inaanzishwa lini na inaendesha faili gani. Moja ilikuwa na jina la kisasisho, jina la kuaminika kabisa, lakini ilianzishwa kila nikiingia na kila baada ya saa moja, na faili lake lilikuwa ndani ya AppData, mahali ambapo programu huweka data za mtumiaji, kwenye folda yenye jina la herufi zilizomwagwa tu. Nilimpata mshika funguo. Kila saa alikuwa anaangalia kama kiendelezi kipo, na kama hakipo anakipakua upya. Hiyo ndiyo saa moja ya mara ya pili.

Niliizima kazi hiyo kwanza, kisha nikaifuta, kisha folda yake. Mpangilio huo una maana. Ukifuta folda na kuiacha kazi, kila saa itaendelea kulitafuta faili lisilokuwepo. Ukikuta folda haikubali kufutika, kwa kawaida ni kwa sababu faili linaendeshwa wakati huohuo. Hapo washa Windows kwa hali salama, ambayo huwasha vitu vya lazima tu, nalo litafutika.

Lakini kivinjari kilikuwa bado na neno. Chini ya menyu yake kulikuwa na mstari: "Inasimamiwa na shirika lako." Mimi sina shirika. Kompyuta hii ni yangu, niko peke yangu, na bosi wangu ni mimi. Ujumbe huo hutokea pale ambapo kuna sera zilizowekwa kutoka nje ya kivinjari, kama ofisi zinavyofanya ili wafanyakazi wasibadilishe mipangilio. Baadhi ya programu za kinga huziweka pia, kwa hiyo si ushahidi peke yake. Niliandika chrome://policy kwenye upau wa anwani, nikaziona zimepangwa: moja inalazimisha kiendelezi fulani kisakinishwe, nyingine inalazimisha injini ya kutafutia. Ndiyo maana safari hii kitufe cha kukiondoa kilikuwa kimepauka. Sera hizo hukaa kwenye rejista ya Windows, ghala la mipangilio yake yote, chini ya tawi la Policies, na kama kompyuta si ya kazini, unaweza kulifuta tawi la kivinjari hicho. Toa nakala ya tawi kabla ya kuligusa. Rejista haina kitufe cha kutengua.

Vitu vingine nilivipitia haraka, na ninavitaja haraka. Alama ya kivinjari kwenye eneokazi: bofya kulia, tazama sifa zake, na kama baada ya jina la faili la kivinjari kuna anwani ya tovuti imening'inizwa, ifute. Mipangilio ya proksi, kituo cha kati ambacho kurasa hupitia kabla ya kukufikia: kwa mtu wa nyumbani, mara nyingi inapaswa kuwa tupu. Faili la hosts, linaloweza kulielekeza jina la tovuti kwenye anwani nyingine, lililo ndani ya System32, kwenye drivers\etc: mistari inayoanza na alama ya reli haina neno, mingine uijue ilikotoka.

Na DNS, hili lisipitwe upesi. DNS ndiyo daftari la intaneti: unataja jina, inakupa nambari. Anayekubadilishia daftari anakupeleka atakako, bila kugusa kivinjari chako kabisa. Mwezi Novemba 2011 FBI na polisi wa Estonia waliwakamata watu waliokuwa wamefanya hivyo kwa kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi 100, wakajipatia takriban dola milioni 14 kwa kuwabadilishia watu matangazo na matokeo ya utafutaji. Wenye kompyuta hizo walikuwa wengi kiasi kwamba seva za wahalifu hao hazikuweza kuzimwa tu. Zikabadilishwa na seva safi zilizoendeshwa kwa amri ya mahakama hadi tarehe 9 Julai 2012, ili watu wapate muda wa kujisafisha, la sivyo wangeamka hawana intaneti. Kwa hiyo tazama DNS ya kompyuta, na kama vifaa vyote nyumbani vinaonyesha matangazo yaleyale, tazama ya ruta, kisha libadilishe nenosiri ambalo ruta ilitoka nalo kiwandani.

Baada ya kazi ya mikono ndipo nikatumia chombo. AdwCleaner ni kidogo, hakihitaji kusakinishwa, na kimetengenezwa mahsusi kwa ajili ya takataka za namna hii. Malwarebytes walikinunua mwaka 2016 na bado kinatolewa bure. Kilipata mabaki kumi na moja niliyoyaacha, mengi yakiwa kwenye rejista. Kichukue kwa mtengenezaji mwenyewe. Ninasisitiza kwa sababu ukiandika kwenye injini ya kutafutia "jinsi ya kuondoa" na jina la mdudu wako, utapata msululu wa kurasa zilizoandikwa kwa mtindo mmoja, aya kumi za vitisho, na mwisho wake kitufe cha kupakua kisafishaji kinachokagua bure na kuondoa kwa malipo. Baadhi ni halali. Baadhi ni mjomba wa yuleyule mgeni. Mtu aliyekwishaumwa na mdudu mmoja huwa na hofu, na mwenye hofu hubofya haraka kuliko wote.

Bado kulibaki ile mara ya tatu, iliyonitesa kuliko zote kwa kuwa niliamini nimefuta kila kitu. Akaunti ya kivinjari husawazisha alamisho, manenosiri, na viendelezi pia. Mimi nilikuwa nasafisha kompyuta huku nakala ya uchafu imekaa kwenye seva, na kila nilipoingia kwenye akaunti ilikuwa inateremshwa kwa uaminifu mkubwa. Dawa yake ni kuzima usawazishaji kabla ya kusafisha, kukiondoa kiendelezi kwenye kila kompyuta yenye akaunti hiyo, kufuta data iliyosawazishwa kwenye akaunti, kukirudisha kivinjari kwenye mipangilio ya mwanzo, na kuwasha usawazishaji mwishoni kabisa. Nilikuwa na kompyuta ya zamani kabatini ambayo huiwasha mara moja kwa mwezi. Nayo ilikuwa nacho.

Manenosiri niliyabadilisha baadaye, kutoka kifaa kingine. Kiendelezi kinachoweza kuandika kwenye kila ukurasa kinaweza kusoma kila ukurasa, hata ule unaoandika nenosiri la barua pepe.

Niseme na hili: mtu akiniuliza kama zoezi lote hilo lina faida kuliko kuirudisha Windows upya, ninamwambia inategemea umekuta nini. Kama ni genge la matangazo lenye tarehe moja, safisha. Kama kinga imezimwa na haikubali kuwashwa, kama kuna akaunti za watumiaji usizozijua, kama ulisakinisha programu ya wizi iliyovunjwa leseni na ikakutaka uzime kinga kwanza, usipoteze siku tatu kama mimi. Nakili mafaili yako, rudisha upya, anza maisha.

Majuma machache baadaye shangazi akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii kompyuta yangu inakufa. Inaniambia ina virusi kumi na tatu."

"Inakuambia wapi, shangazi? Katikati ya kioo au pembeni?"

"Pembeni chini, kulia. Kinakuja kisanduku, kinalia, kinaondoka. Kinarudi. Hata sijafungua intaneti."

"Kuna siku uliingia mahali pakakuambia ubofye 'Ruhusu' ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti?"

Akanyamaza kidogo. "Sasa ningesema mimi ni roboti?"

Hakuwa na virusi hata kimoja. Zilikuwa arifa za kivinjari. Tovuti yoyote inaweza kuomba ruhusa ya kukutumia arifa hata ukiwa hujaifungua. Ni kitu chema kwa barua pepe na kalenda, na kwa sababu hiyohiyo wajanja wamejifunza kuomba ruhusa hiyo kwa hila: bofya Ruhusu uone video, bofya Ruhusu upakue faili. Ukiruhusu, wanakutumia matangazo yaliyovaa sura ya maonyo ya Windows. Nilimwelekeza kwenye mipangilio ya kivinjari, faragha, ruhusa za tovuti, arifa. Tukaikuta tovuti moja yenye jina la herufi zisizotamkika, tukaiondoa. Dakika nne. Kisha tukachagua tovuti zisiruhusiwe hata kuomba. Nadhani nusu ya watu wanaoniambia wana programu za matangazo wana hili tu, na wengine wameshalipia kisafishaji ambacho hakiwezi kulitatua kwa sababu hakuna cha kusafisha.

Mimi mwenyewe nimebadilisha mambo machache tu, kwa kuwa najijua: sheria nyingi nitazivunja siku nikiwa na haraka. Ndani ya Windows kuna kinga ya kuzuia programu zisizotakiwa, tofauti na ile ya virusi. Mwaka 2020 iliwekewa swichi yake kwenye mipangilio ya Windows 10, na Microsoft walianza kuiwasha kwa wote Agosti 2021. Yangu nilikuwa nimeizima mwenyewe siku fulani kwa sababu ilinizuilia kisakinishi, na sikumbuki kipi. Ninaomba radhi kwa kisakinishi hicho kama kilikuwa chema, lakini sidhani. Sasa imewashwa, kwenye sehemu ya usalama wa Windows inayohusu udhibiti wa programu na kivinjari.

Nimeweka pia kizuia matangazo, uBlock Origin kwenye Firefox. Kuna wanaoona kuzuia matangazo ni kuwanyima waandishi riziki, na mimi mwandishi ninawaelewa. Ila mwezi Desemba 2022 FBI wenyewe waliwashauri watu watumie vizuia matangazo wanapotafuta vitu kwenye intaneti, kwa sababu wahalifu walikuwa wananunua matangazo yanayojifanya kampuni zinazojulikana na kukaa juu ya matokeo halisi. Mlango niliopitia mimi ndio huo. Tovuti ninazozipenda ninaziruhusu moja moja.

Viendelezi nimevipunguza hadi vitatu. Kiendelezi chema leo si hakikisho la kesho, kwa sababu huuzwa. The Great Suspender, kilichokuwa kikilaza vichupo visivyotumika ili kuokoa kumbukumbu, kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwenyewe alikiuza Juni 2020 kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google wakakiondoa dukani kwa kuwa na programu hasidi. Watu wale hawakubofya chochote. Kilisasishwa chenyewe usiku wamelala. Kwa hiyo ninaangalia ruhusa: kiendelezi cha kubadilisha rangi ya ukurasa mpya hakina sababu ya kusoma data kwenye tovuti zote.

Akaunti ninayotumia kila siku si ya msimamizi tena. Hilo huzuia mengi, lakini si yote. Yule mshika funguo wangu alikaa AppData, folda ambayo mtumiaji wa kawaida ana haki nayo kamili, na kwa hiyo asingehitaji kuomba nenosiri la mtu. Programu ninazipakua kwa waliozitengeneza, au kwa winget, amri iliyomo ndani ya Windows yenyewe: unataja jina, inasakinisha bila maswali mengi. Nayo ina hazina ya vifurushi vinavyochangiwa na watu, basi jina la mtengenezaji bado nalisoma. Na wenzangu wa Mac wanaocheka wakisoma haya wakumbuke Shlayer, programu hasidi ya Mac iliyokuwa ikileta programu za matangazo. Kaspersky walisema Januari 2020 kwamba karibu Mac moja kati ya kila kumi zenye kinga yao ilikutana nayo walau mara moja mwaka 2019. Hila yake kubwa ilikuwa kujifanya sasisho la Flash Player, programu iliyokuwa ikionyesha video na michezo kwenye kurasa. Flash yenyewe ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo anayekuletea sasisho lake leo amekuletea kitu kingine.

Nilipomaliza yote hayo lile faili la mahafali lilikuwa bado limekaa palepale, halijageuzwa. Nilikwenda kutafuta programu safi ya kulishughulikia. Nikiwa kwenye tovuti ya VideoLAN, shirika la Ufaransa lisilo la faida linalotoa VLC, programu ya kuchezea video, bure bila kisanduku chochote cha tiki, nikaona alama ile ya koni ya rangi ya machungwa na nikahisi nimeiona mahali. Nikarudi kwenye orodha ya programu zangu, ile iliyopangwa kwa tarehe, nikateremka hadi chini kabisa. Ilikuwamo. Nimekuwa nayo miaka mitatu. Nikabofya faili mara mbili, mdogo wangu akatokea, kofia imekaa upande, anamtafuta mama kwa macho katikati ya watu.